Deni la Mikoko
Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Ni haki yao. Lakini pesa zikishaingia mfukoni, deni limekwisha? Mimi nasema bado. Samaki wengi hukulia kwenye mizizi ya mikoko, na mvuvi ambaye hajazaliwa hakuwa na wakili pale mahakamani. Lake yeye hulipwa matopeni: mkondo ulioziba ufunguliwe, maji yajae na kupwa kama zamani, kila mti upandwe panapoufaa. Tena jamani, tusihesabu miche tuliyopiga nayo picha. Tuhesabu samaki wadogo waliorudi.