Aliye Mbali Naye Huhesabiwa

Mpendwa, jioni moja huku Gikondo nilimkuta mtoto wa jirani akifanya kazi ya shule. Alikuwa amekata pembetatu kwenye boksi la sabuni, akaitoboa karibu na pembe moja na kuitundika kwenye msumari, pamoja na uzi wenye jiwe. Uzi ulipotulia akachora mstari kuufuata. Akaitundika kwa pembe nyingine, akachora tena. Mistari ilipokutana akaweka ncha ya penseli, na pembetatu ikakaa juu yake bila kuyumba. Hicho ndicho kitovu chake.

Kitovu hakitafutwi kwenye maumbo tu. Chukua nyumba nne kando ya barabara: ya kwanza mwanzoni kabisa, ya pili mita 10 mbele, ya tatu mita 20, ya nne iko peke yake kule mita 90. Jumlisha, gawanya kwa nne: kitovu kiko mita 30. Ukiisahau ile ya mbali, kinarudi mita 10. Nyumba moja iliyojitenga imevuta kitovu cha wote. Tena pale mita 30 hapakai mtu; hakuna anayeweza kudai kwamba katikati ni kwake.

Namkumbuka yule baba wa Luka 15. Huwa tunamsifu kwa kumkimbilia mwana aliyerudi, kisha tunampita haraka yule mkubwa. Lakini huyo naye alipogoma kuingia, baba aliacha karamu akatoka kumbembeleza. Siku ile alitoka mara mbili. Je, nyumbani kwako wewe unasimama wapi: karibu na anayekupendeza, au mahali ambapo wote wamehesabiwa?

Huku kwetu hesabu hii ina uchungu. Tarehe 9 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia kanisa la Wapalotini hapa Gikondo waliuawa pale pale, watoto wakiwamo. Kila Aprili tunapowakumbuka, tunakataa kupiga hesabu kana kwamba hawakuwapo. Aliyebaki peke yake simwekei tarehe ya kusamehe. Mungu anakaa naye kwa upole, nami sina haki ya kumharakisha.

Ninachokuomba, mpendwa, kinahusu umbali mdogo zaidi: shemeji mliyekosana naye kwa ajili ya kiwanja, binti ambaye siku hizi hapokei simu. Kumwondoa mtu kama huyo kwenye hesabu ni rahisi, na nyumba huonekana imetulia. Imetulia kweli, au imesogea tu bila wewe kujua?

Juma hili, unapowaombea jamaa zako jioni, ni nani hujamtaja siku nyingi? Mtaje kwa jina. Kama huna la kuongeza, jina linatosha. Kesho jioni ulitaje tena.