Shahidi Asiye na Dini

Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani Tanga, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuweka vitabu viwili mezani: Msahafu kulia, Biblia kushoto. Shahidi akiitwa, hakimu humuuliza jina, umri, kazi na dini. Jibu la dini ndilo lililoniambia ninyanyue kitabu kipi. Kisha hakimu huandika kwa mkono wake: SM1 (yaani shahidi wa kwanza wa mdai), miaka 45, mkulima, Mwislamu, anaapa na kusema. Nimeiona sentensi hiyo ikiandikwa mara nyingi kiasi kwamba hadi leo mtu akinisimulia jambo barazani, namtafutia namba ya ushahidi kichwani.

Siku moja, nikiwa bado kijana, tulikuwa na shauri la mpaka wa shamba la minazi. Shahidi wa pili wa mdai alikuwa fundi baiskeli, mzee wa makamo, kanzu hana, kofia hana, msalaba hana. Mkono wangu ukabaki hewani.

“Dini?” hakimu aliuliza.

“Sina, Mheshimiwa.”

Hakimu akaweka kalamu chini. “Huna vipi? Humwamini Mungu?”

“Simwamini.”

“Una uthibitisho gani kwamba hayupo?”

Fundi alitazama sakafu, akamtazama mdai aliyemleta, kisha akajibu kwa upole kwamba ameitwa kueleza habari za mnazi uliopandwa uwe alama ya mpaka, na kuhusu mnazi huo uthibitisho anao. La Mungu hakulileta yeye mahakamani. “Anayesema yupo, Mheshimiwa, ndiye mdai.”

Mmoja wa wazee wa baraza waliokaa na hakimu alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Hakimu akaandika “mpagani”, na kwa kuwa sheria inamruhusu asiye na dini asiape bali athibitishe, fundi akathibitisha. (Lugha yetu ina mzaha wake: asiyeweza kuthibitisha kwamba Mungu hayupo aliingia kizimbani kwa kuthibitisha.) Aliposikia neno mpagani akainua mkono tena. “Mpagani ana mizimu yake, Mheshimiwa. Mimi hata hiyo sina.” Neno halikufutwa.

Mimi ni Mwislamu, na siku ile nilikasirika. Hasira ilipopoa nikaona kinachonisumbua: fundi alikuwa amesema jambo ninalolisikia kazini kila siku, na hakuna aliyewahi kulipinga likihusu mbuzi au shamba. Anayedai ndiye anayebeba mzigo. Sheria ya Kiingereza tuliyoirithi inasema hivyo, na sheria ya Kiislamu niliyofundishwa chuoni ilikuwa imesema hivyo zamani zaidi: ushahidi ni wa mwenye kudai, na mwenye kukana yanamtosha maneno yake kwa kiapo.

Wiki ile baiskeli yangu ilipata pancha. Ningeweza kwenda kwa fundi mwingine.

Alikuwa ameketi chini ya mwembe, karai la maji mbele yake. Kwa watu wasiowahi kutazama: tyubu hujazwa upepo, hutumbukizwa majini, huzungushwa kidogo kidogo, na penye tundu hutoka mapovu. Nikamwambia, “Mzee wangu, juzi umesema humwamini Mungu, nadhani kwa sababu hujamwona. Lakini kutoona si hoja kwamba kitu hakipo.”

“Karani, inategemea umetazamaje,” alisema. “Nikizamisha tyubu yote, nikaizungusha yote, povu lisitoke, nitakwambia haina tundu, na wewe utanilipa. Nikizamisha kipande nikasema haina, mimi ni mwongo.”

“Na huyo Mungu, umeizungusha tyubu yote?”

“Sijaizungusha. Ndiyo maana sikumwambia hakimu hayupo. Nilimwambia simwamini.”

Ilinichukua miaka kuyaelewa majibu hayo, na kikwazo kilikuwa lugha yenyewe. Kiswahili kina namna mbili za kusema: siamini kuwa yupo, na naamini kuwa hayupo. Kikanushi kimehama tu kutoka kitenzi cha kwanza kwenda cha pili, lakini mzigo umehama nacho. Wa kwanza hana dai. Ametaja tu hali ya moyo wake. Wa pili amedai jambo kuhusu ulimwengu mzima, na akiulizwa umejuaje, hana haki ya kununa. Shida ni kwamba katika mazungumzo tunayachanganya. Mtu akisema “sidhani kama atakuja leo”, wote tunaelewa anadhani hatakuja, na chakula chake hakipakuliwi. Kwa hiyo hakimu hakuwa mjinga. Alisikia namna ya kwanza, akaielewa kama ya pili, kama ambavyo tungeelewa wengi wetu.

Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alikiri mkanganyiko huohuo mwaka 1947. Alisema akizungumza na wanafalsafa hujiita asiyejua, kwa kuwa hana hoja ya kumalizia kwamba Mungu hayupo. Lakini akizungumza na mtu wa mtaani hujiita mkana Mungu, maana hata miungu ya Wagiriki wa kale hawezi kuthibitisha kwamba haipo, na bado hakuna anayemsumbua kuhusu hiyo. Mwaka 1952 akaongeza mfano wa birika la chai linalolizunguka jua, dogo mno lisionwe kwa darubini yoyote. Hakuna awezaye kuthibitisha halipo, na hakuna alazimikaye kuliamini.

Birika la Russell halijawahi kuniridhisha. Halina shahidi. Hakuna mtu aliyewahi kusema limemjibu dua, wala hakuna aliyeacha pombe kwa ajili yake. Mungu ana mashahidi wengi kuliko shauri lolote lililowahi kufunguliwa duniani, na mahakama haiwafukuzi mashahidi kwa sababu tu mlalamikiwa anaona dai ni la ajabu.

Ila sisi watu wa pwani tuna mfano bora kuliko birika, nao una mashahidi. Mwaka 1995 popobawa, pepo anayesemekana kuvamia watu usiku, alitanda Pemba na Unguja. Watu wazima, wenye akili timamu, walilala nje makundi kwa makundi wakiota moto, kila mmoja akimjua mtu aliyevamiwa. Shemeji yangu wa Wete alikesha uani na familia nzima. Mimi niliyekuwa Tanga sikuamini hata kidogo. Je, nilikuwa na uthibitisho kwamba popobawa hayupo? Sikuwa nao, na hadi leo sina. Sikuvuka bahari kwenda kuchunguza. Nilipima tu: habari zote zilikuwa za kuambiwa, zilikua kadiri zilivyosafiri, na nilikuwa na maelezo mengine mepesi zaidi, kwamba hofu huambukiza. Nikakataa. Hakuna aliyenidai yakini, na shekhe wangu alinisifu kwa kutoyumba.

Basi nikajiuliza kwa nini fundi adaiwe yakini ambayo mimi sikudaiwa.

Chuoni tulifundishwa ngazi za kujua, na bahati nzuri Kiswahili kimeyachukua majina yake yote kutoka Kiarabu, ingawa mtaani tunayatumia ovyo. Yakini ni pale ambapo hakuna upande wa pili. Dhana ni pale upande mmoja ulipo mzito lakini mwingine haujafa. Shaka ni pale mizani iliposimama sawasawa. Mtoto anayetawadha hujifunza ngazi hizi kabla hajajua kuandika vizuri: ukiwa na yakini ya udhu wako, shaka iliyozuka baadaye haiutengui. Sasa tazama mambo tunayoyaamini na tunayoyakataa kila siku, ukaone mangapi yana yakini. Nyumba hununuliwa kwa dhana. Ndoa hufungwa kwa dhana. Kanuni za ushahidi za mahakama za mwanzo, za mwaka 1964, zinakiri hili waziwazi: katika madai, hakimu halazimiki kuondoa kila shaka, inatosha uzito wa ushahidi wa upande mmoja uzidi wa mwingine. Katika jinai kiwango hupanda, kwa kuwa mtu atafungwa. Kiwango hufuata kile kitakachopotea tukikosea.

Hapo waumini wenzangu huruka: kama ni hivyo, basi asiyeamini anapaswa kuwa na yakini kuliko watu wote, maana akikosea atapoteza akhera! Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alijenga hoja yake maarufu ya dau juu ya jambo hilo. Sijawahi kuipenda. Katika jinai uzito wa adhabu humwongezea mzigo anayeshitaki. Haumwongezei mshitakiwa. Na shahidi aliyesema ndiyo kwa kuogopa kufungwa, ushahidi wake tunauita jina gani?

Lakini sitaki fundi atoke kizimbani kirahisi hivyo. Nimeona watu wengi wakiachiwa katika kesi za wizi. Hukumu husema kosa halijathibitika, mtu anatoka, na jioni utamkuta kijiweni akitangaza kwamba mahakama imesema hakuiba. Mahakama haikusema hivyo. Nimekutana na vijana, siku hizi hasa, wanaofanya vivyo hivyo na Mungu: hamjathibitisha, kwa hiyo hayupo. Huyo ameruka kutoka namna ya kwanza kwenda ya pili bila kulipa nauli.

Tena kuna suala la hati ya madai. Okot p’Bitek, mwandishi wa Uganda, alisimulia jinsi mwaka 1911 mapadri Waitaliano walivyowauliza wazee wa Acholi nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, hivyo swali likawa nani aliyewafinyanga. Wazee wakashangaa, watu huzaliwa na mama zao. Wakashinikizwa wajibu. Mmoja akakumbuka kwamba wako watu ambao hufinyangwa upya ukubwani, mgongo ukapinda kwa kifua kikuu cha uti, na anayefanya hivyo ni pepo aitwaye Rubanga. Mapadri wakaandika: Mungu ni Rubanga. Mzee wa Acholi aliyekataa kumwabudu Rubanga alikuwa amekataa nini? Huwezi kumdai mtu uthibitisho wa kukanusha kabla hujamsomea shitaka.

Nilirudi kwa fundi mara nyingi. Nilitarajia siku moja nitasikia msiba: mtoto aliyekufa, dua isiyojibiwa. Hakuwa nao. Watoto wake walikuwa hai na wawili wakiswali. Alisema tu kwamba tangu utotoni alisubiri aamini kama wenzake, na imani haikuja. Kauli hiyo ilinitia aibu kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa sijawahi kusubiri. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza mwenyewe jinsi alivyokaa karibu miezi miwili akitilia shaka hata macho yake na akili yake, na hakuponywa kwa hoja, bali kwa nuru iliyotupwa kifuani mwake. Kama Ghazali hakufika kwa hoja, kwa nini nimdai fundi hoja ya kutofika?

Katika shauri moja la mwaka 1984, Mahakama Kuu ilisema maneno yanayorudiwa hadi leo katika hukumu za madai: pande mbili haziwezi kutoka sare, mwenye ushahidi mzito ndiye ashinde. Kwa muda mrefu nilidhani hapo ndipo mahakama na moyo vinapoachana, kwamba hakimu lazima aamue ila mtu anaweza kufa na mizani yake imesimama. Siku hizi naona sivyo. Adhana ya alfajiri inapolia, ama unaamka ama unajifunika. Fundi alikuwa akijifunika, mimi nikaamka, na hakuna aliyekuwa na yakini kati yetu. Tofauti ni kwamba mimi sikuwahi kuulizwa. Nilitaja dini yangu, nikapewa kitabu, nikaendelea.

Mara ya mwisho tulibishana kuhusu tundu ambalo halitoi povu, halimalizi upepo, wala halikuzuii kwenda Muheza na kurudi. “Hilo wewe bado unaliita tundu?” aliuliza. Nikamjibu kuwa ziko tyubu zinazovuja polepole mno, majini huoni kitu, unalala nayo imejaa, unaamka imelegea. Nilijiona nimemweza. Akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

“Basi hiyo asubuhi ndiyo ushahidi,” alisema. “Niletee asubuhi yako.”

Sikuwa na la kumletea ambalo angeweza kulitumbukiza kwenye karai. Nilimlipa kiraka, nikawahi Alasiri.

Lile shauri la mpaka, mdai alishinda. Hakimu aliandika katika hukumu kwamba mashahidi wengine walikuwa wakijikanyaga, na kwamba mahakama imeegemea zaidi maneno ya SM2, kwa kuwa alikuwa shahidi wa kuaminika.