Viti Vimeelekea Wapi?

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Tanzania Bara ikangoja hadi mwaka 1994. Leo, mpunga wa bonde la Kilombero ukiisha kuuzwa, baba aweza kurudi nyumbani Ifakara na televisheni pana yenye picha angavu. Hatumlaumu: aliyelima kwa jasho ana haki ya kufurahi pamoja na jamaa yake. Lakini na tuangalie viti. Jana vilielekeana, leo vyote vimeelekea ukutani. Bibi akianza hadithi, huambiwa angoje. Chombo hiki si kiovu, ila hakijui kunyamaza chenyewe. Kukizima ni kazi yetu. Basi, enyi wazazi, wakati wa chakula kizimeni, mpate kutazamana. Astahiliye kutazamwa kwanza ni yule aketiye karibu nasi.