Kitabu Ambacho Mtoto Aweza Kukipinga

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba kitabu ni kitabu: mtoto akishajua herufi, ni mamoja asome khabari za theluji au khabari za mikoko. Maneno haya yana sura ya haki, nami kwa muda mrefu naliyaamini. Leo yatupasa kuyapima.

Siku moja nalialikwa kuketi nyuma ya darasa la tatu katika skuli moja ya mwambao, isiyo na haja ya kutajwa. Mtoto mmoja, baba yake mvuvi, alitakiwa asome kwa sauti kisa cha watoto wanaofinyanga mtu wa theluji mbele ya nyumba yao. Alisoma neno moja moja, kama avukaye maji asiyojua kina chake. Mwalimu wake akaninong'oneza kuwa huyu ni mzito, na huenda akarudishwa darasa la pili. Baada ya kipindi nikamwandikia mistari sita: ngalawa, tanga, nanga, na wavuvi wawili watokao usiku kwenda kuvua nje ya mwamba, kusi ikivuma kwa nguvu. Akaisoma hata mwisho bila kusita. Kisha akacheka. "Mwalimu, hapa umekosea," akaniambia. "Kusi ikivuma hivi watu hawatoki nje. Huvua ndani."

Kicheko kile kilinifunza nisilolifunzwa chuoni. Kitabu chenye mambo ya kwao mtoto hakimfurahishi tu, aweza kukipinga. Kisa cha theluji hana la kukijibu, atakipokea kama alivyopewa. Na mtoto apokeaye miaka saba mambo asiyoweza kuyapima, tumemfundisha kusoma, na pamoja na kusoma tumemfundisha kufuata. Nasi tunaolaumu taqlidi ya wazee, tuna udhuru gani tukiipanda kwa watoto kwa mikono yetu wenyewe?

Wala asidhani mtu kuwa dawa ni kubadili sura. Mwaka 1940 ilichapwa London tafsiri ya Kiswahili ya hadithi ya Alice, kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake binti yule alichorwa Mwafrika. Ni kitabu cha kufurahisha, sikilaumu. Walakini aliyebadilishwa ni binti. Nchi atembeayo ni ile ile ya kitabu cha Kiingereza cha 1865.

Linganisha na kisa cha kima na papa, ambacho Edward Steere alikipokea kwa wasimulizi wa Unguja akakichapa mwaka 1870. Asili yake si kwetu. Katika Panchatantra ya Bara Hindi, rafiki wa kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Waarabu, ni kobe. Kilipofika pwani akawa papa. Mtoto aliyemwona papa amelazwa mchangani ajua meno yale ni meno gani, na kima asemapo kuwa moyo wake ameuacha mtini, mtoto yule hushusha pumzi pamoja naye. Wazee wetu hawakukiogopa kigeni; walikifanyia kazi hata kikawa chao.

Kwa hiyo sisemi watoto wafungiwe ndani ya mwamba. Theluji nayo waisome. Wala "kwetu" si mtaa mmoja: darasani mle walikuwamo watoto wa Kigiriama na wa Kipokomo, na huenda ngalawa yangu iliwapita baadhi yao kama theluji ilivyompita mwenzao. Siku ile sikuliwaza hilo, na sasa lanisumbua.

Kwenye baraza zetu twawalaumu sana wachapaji na serikali. Lakini bibi zetu wanazikwa na hikaya zao, nasi tuna kalamu mifukoni.

Karatasi yangu yule mtoto aliichukua kwao. Juma la pili akanirudishia. Mstari wa tano ulikuwa umefutwa kwa wino, na juu yake ameandika, kwa hati yake, pahali wavuvi wanapovua wakati wa kusi.