Udongo Hauna Kinywa

Wiki chache zilizopita alitujia mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzima mwenye heshima zake, akiwa na swali lililomnyima usingizi. Alikuwa ametoa sehemu kubwa ya mafao yake ya uzeeni akanunua shamba la ekari 8, mbali na mji anakokaa. Alilitazama mwezi wa Septemba. Mabua yalikuwa yamechomwa moto, na shamba lilikuwa safi kama ua uliofagiwa. Njia ya gari ilipita karibu, na bei ilikuwa ya kuridhisha. Mwenye shamba aliyasifu mambo hayo yote, na yote yalikuwa kweli. Mvua ziliponyesha mwalimu alipanda mahindi. Yakaota vizuri, kisha yakadumaa na kugeuka manjano kama yaliyokosa maji, ingawa mvua haikukoma. Baadaye maua ya zambarau yakajitokeza katikati ya mistari. Jirani akamwambia kwa huruma: "Mwalimu, hicho ni kiduha. Shamba hili hapa kila mtu analijua."

Sasa amempata mnunuzi, kijana wa mjini, ambaye naye amekuja wakati wa kiangazi. Mwalimu ana binti anayengojea karo ya chuo. "Padre," alituuliza, "je, naweza kuliuza shamba hili kama nilivyouziwa mimi?"

Wasomaji wapenzi, tusiharakishe kumlaumu mzee huyu. Mtu mwovu haulizi, huuza tu. Tena swali lake si lake peke yake. Siku hizi watu wengi wa mijini hununua mashamba vijijini, na kila mauzo huwakutanisha mtu aujuaye udongo na mtu asiyeujua. Yatupasa basi kuuliza: ajuaye ana deni gani kwa asiyejua?

Wako wasemao kwamba hana deni lolote. Husema: mwenye macho haambiwi tazama, mnunuzi na achunguze mwenyewe, na akidanganyika ajilaumu. Neno hili lina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuupuuza. Anunuaye shamba bila kulichunguza aichezea mali ya watoto wake. Anao wajibu wa kulitembea lote, wala si kusimama barabarani na dalali. Achimbe shimo la kina cha meta moja, mahali pawili au patatu, atazame kama udongo mweusi wa juu ni mnene au ni ngozi tu juu ya mwamba. Atie udongo kidogo katika chupa ya maji, aitikise na kuiacha itulie: mchanga hutua kwanza, mara moja, mfinyanzi hutua mwisho, pengine baada ya siku nzima, naye ataona kwa macho yake kipi kimezidi. Achukue udongo wa juu, kina cha sentimeta 20, kutoka sehemu 15 hivi za shamba, akiepuka vichuguu na mahali palipolala ng'ombe, auchanganye katika ndoo safi, na kupeleka nusu kilo kupimwa, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Huko ataambiwa kama tindikali imezidi, na kama naitrojeni na fosforasi zimepungua.

Hayo yote ni kazi ya mnunuzi. Lakini hata akiyatimiza yote, bado kuna mambo ambayo macho yake hayafiki. Chukueni hicho kiduha. Ni gugu dogo lenye maua ya kupendeza, linalopachika mizizi yake katika mizizi ya mahindi au mtama na kuinyonya. Madhara yake mengi hufanyika chini ya ardhi kabla halijaonekana juu. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni miaka 10 na zaidi zikingojea mzizi wa kunyonya. Kipimo cha kawaida cha udongo hakizionyeshi. Vivyo hivyo bonde lifurikalo kila baada ya miaka michache halisemi lolote wakati wa kiangazi. Mambo haya huyajua yule tu aliyelima pale. Udongo hauna kinywa. Kinywa chake ni mkulima wake. Mkulima akinyamaza, mnunuzi hana mwingine wa kumwuliza, ila majirani kama akiwahi kuwaona.

Na asifikiri mtu kwamba elimu kubwa au fedha nyingi zaweza kushika mahali pa kinywa hicho. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu Tanganyika kutafuta ardhi ya kulima karanga, ili kupunguza upungufu wa mafuta ya kula uliokuwa kwao baada ya vita. Wataalamu wale walizunguka nchi wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, nao wakashauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa kwa matrekta na mitambo mizito. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walijua tangu mababu jinsi mvua yao isivyo ya kutegemewa. Udongo wa pale ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, ukaharibu majembe ya mitambo na kuzishika karanga zisingʼoke. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na hasara ilikuwa karibu paundi milioni 36. Fedha hazikukosekana wala vyombo. Yaliyokosekana ni subira ya kuwasikiliza waliolala na kuamka juu ya udongo ule.

Ikiwa basi mkulima ndiye shahidi wa ardhi yake, kunyamaza kwake si jambo dogo. Watu wa kale walibishana sana juu ya hili. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alisimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes na Antipater, juu ya mtu auzaye nyumba ambayo ubovu wake aujua yeye peke yake. Diogenes alidai kwamba kunyamaza si kuficha, kwani muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Antipater alijibu kwamba huko ni kumwacha mwenzako apotee hali unaijua njia. Cicero akasimama upande wa Antipater. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipambanua zaidi. Kilema kinachoonekana, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kitangazwe, mradi bei iwe ya haki. Lakini kilema kilichofichika, kiwezacho kumtia mnunuzi hasara au hatari, muuzaji analazimika kukitaja. Basi mteremko na mawe ya shamba, kila mtu ayaone mwenyewe. Kiduha na mafuriko, lazima ayaseme ajuaye.

Wala sheria hii haimshiki muuzaji peke yake. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba anunuaye dhahabu kwa bei ya shaba, akijua kwamba muuzaji hajui, naye amedhulumu na yampasa kurudisha. Msomi aliyekwisha kuupima udongo akauona ni wa thamani, kisha akamkuta mjane auzaye kwa bei ya kutupa kwa sababu hajui alicho nacho, asijisifu kwamba amebahatika.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Yeye alituambia: "Lakini mimi nimedhulumiwa kwanza." Kweli, amedhulumiwa. Ikiwa muuzaji wa kwanza alijua, basi ana deni la kumrudishia mwalimu tofauti ya bei, na mwalimu ana haki ya kumdai mbele ya wazee na uongozi wa kijiji. Lakini kijana wa mjini hakukopa kitu. Deni halidaiwi kwa asiyekopa. Akimuuzia kwa kunyamaza, dhuluma ile haitakwisha; itabadili nyumba tu, na kesho kijana huyo atatafuta wa kumbebesha. Shida ya karo ni shida ya kweli, nasi twaionea uchungu. Hata hivyo haiwezi kuugeuza uongo kuwa haki, maana huenda kijana yule naye anabeba akiba ya baba yake.

Tulimwambia wazi kwamba ukweli utamgharimu. Atauza kwa bei ndogo, au hatauza mwaka huu, na pengine binti atangoja. Hatukuwa na njia ya kulificha hilo. Ila si kweli kwamba shamba lake limekufa. Kiduha hupungua mtu akiling'oa kabla halijachanua, akirutubisha udongo kwa samadi, na akipanda kwa zamu pamba, alizeti au soya, mimea ambayo huziamsha mbegu za kiduha bila kuzipa mzizi wa kunyonya. Kazi hiyo ni ya miaka, lakini ni kazi halali. Anaweza kuifanya yeye, au kumwuzia kijana anayekubali kuifanya, akijua.

Kwa familia zote tunatoa shauri moja. Katika nchi yetu ardhi ni ya umma, na mauzo ya shamba la kijijini hupitia Halmashauri ya Kijiji, kama iagizavyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Watu hukusanyika, mipaka huonyeshwa, mashahidi hutia sahihi. Hati hutaja jirani wa mashariki na wa magharibi, lakini mara chache hutaja udongo wenyewe. Kwa nini tusiongeze mstari mmoja: yale ayajuayo muuzaji juu ya maji, magugu na mavuno ya shamba lake? Na majirani walioitwa kuwa mashahidi wasishuhudie mipaka tu. Yule jirani mwenye huruma angalisema Septemba, mwalimu angalikuwa na mafao yake hata leo.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwalimu alipoondoka tulimwomba jambo moja tu: amwalike kijana yule arudi wakati wa mvua, mahindi yakiwa yamesimama, watembee pamoja kati ya mistari, ndipo wazungumze bei.