Je, Kumwuguza Asiyepona ni Kazi Bure?

Katika nyumba zetu kuna maneno ambayo yakitamkwa watu wote hunyamaza. Maneno yenyewe ni haya: "Hospitali wamesema hakuna la kufanya tena." Mgonjwa hurudishwa nyumbani, hulazwa katika chumba cha nyuma, jamaa hukusanyika, na tangu hapo mazungumzo huwa ya chini chini, kana kwamba aliyelala humo amekwisha ondoka. Yafaa tuyapime maneno hayo, kwa maana wako watumishi ambao kazi yao huanzia pale pale wengine wanapoishia. Hao ni wauguzi wa hospisi.

Hospisi si lazima iwe jengo. Ni huduma kwa mtu mwenye ugonjwa usiotarajiwa kupona, kama vile saratani iliyoenea mwilini. Mara nyingi hutolewa nyumbani kwa mgonjwa, na shabaha yake ni kwamba mtu aishi siku zake zilizobaki bila mateso yanayoweza kuzuilika.

Mimi nimekuwa mwalimu wa lugha, kwa hiyo mnivumilie nikianza na neno. Lugha yetu humwita mtumishi huyu "muuguzi". Neno hilo halikutoka katika kupona. Limetoka katika kuugua. Kuuguza ni kumtunza mtu wakati anapougua, apone asipone. Basi wahenga wetu waliona mapema kwamba kuponya ni kazi moja na kuuguza ni kazi nyingine, na ya pili haikomi ya kwanza inaposhindikana. La kuponya laweza kuwa limekwisha. La kufanya bado lipo.

Aliyelifundisha jambo hili kwa nguvu katika nyakati zetu ni Bibi Cicely Saunders (1918–2005), Mwanglikana wa Uingereza. Alianza kama muuguzi, akafanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasoma udaktari akiwa mtu mzima na kufuzu mwaka 1957. Aliona kwamba wagonjwa wa saratani walipewa dawa baada ya maumivu kurudi, hata ikawa lazima mtu alie ndipo apewe. Yeye alifundisha kwamba dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Alifundisha pia kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili peke yake: yako ya moyo wenye hofu, yako ya jamaa na fedha, na yako ya roho inayouliza maswali. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice mjini London.

Mbegu hiyo ilifika kwetu. Mwaka 1990 Nairobi Hospice ilianza kazi. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ambako wagonjwa walipewa mofini ya maji, dawa isiyo ya gharama kubwa, ambayo mtu huinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu waiandike dawa hiyo wenyewe, maana madaktari walikuwa wachache. Hapa Tanzania huduma ya namna hii imepata kutolewa Ocean Road mjini Dar es Salaam, Selian mjini Arusha, na pia Muheza, katika hospitali yenye asili ya misheni yetu ya UMCA.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Muuguzi huingia na kusema, "Shikamoo bibi. Usiku umelalaje?" Kisha hungoja jibu. Humpimia mofini ya kila saa nne, na kipimo kikubwa zaidi cha usiku ili alale hadi asubuhi. Kwa kuwa mofini hufunga choo, humpa na dawa ya kulainisha. Humgeuza asipate vidonda vya mgongoni. Hulowesha midomo iliyokauka. Kama kuna kidonda kinachonuka, husaga vidonge na kunyunyiza unga wake juu, na harufu hupungua, hata wajukuu wakaweza tena kuketi kitandani kwa bibi yao. Huruma hapa si machozi. Ni ujuzi uliosomewa na kutahiniwa.

Tunayo methali isemayo, "Mgonjwa haulizwi uji." Ni methali njema kwa mwenyeji mkarimu, maana mgonjwa huona haya kuomba. Lakini muuguzi wa hospisi huuliza, na huuliza kwa sababu nzuri. Mgonjwa huyu amekwisha ondolewa mambo mengi: shamba analima mwingine, fedha anashika mwingine, hata habari za ugonjwa wake huambiwa wengine huko uani. Anapoulizwa anaumwa wapi, anataka kujua nini na anaogopa nini, hurudishiwa nafasi yake ya mtu mzima katika nyumba yake. Asiyetaka kujua halazimishwi, anayeuliza hadanganywi.

Lakini hapa liko swali gumu, na wanaoliuliza si watu wabaya. Nchi yetu si tajiri. Muuguzi akitumia asubuhi nzima kwa mtu atakayekufa Ijumaa, je, hakuwanyima watoto wanaongoja chanjo?

Kwanza, tukipima thamani ya mtu kwa siku zilizombakia, hakuna atakayesalimika. Hakuna tabibu aliyempa mtu dawa asife kabisa. Kila tiba huahirisha. Kipimo kinachomtupa bibi leo kitamtupa kesho mlemavu, na keshokutwa kitatutupa sisi wastaafu.

Pili, mgonjwa anayeteseka hateseki peke yake. Binti huacha kazi, mjukuu hukosa shule ili amwangalie, ng'ombe huuzwa na shamba hufuata, kwa kukimbilia kila anayejitangaza kwamba anaponya. Muuguzi anayetuliza maumivu na kusema kweli kwa upole huokoa pia watoto wa nyumba hiyo.

Tatu, siku za mwisho zina kazi yake. Ndizo siku za wosia: kusema nani anadai na nani anadaiwa, kugawa kiwanja ili ndugu wasije wakapelekana mahakamani, kumwita mtoto aliyekosana na baba yake, kubariki. Mtu anayepiga kelele kwa maumivu hawezi kutoa wosia. Apewe usingizi wa usiku mmoja, asubuhi aweza kusema neno litakaloshika ukoo miaka thelathini.

Sisemi chanjo zipunguzwe, la hasha. Nasema kwamba taifa au kanisa linalowatunza wale tu watakaolipa baadaye kwa jasho lao, halijaanza kutunza watu, limetunza vibarua. Na katika hukumu ile iliyoandikwa katika Mathayo 25, Bwana wetu anawapokea waliomwendea alipokuwa mgonjwa. Hawakuulizwa kama aliyetazamwa alipona.

Nina neno moja la mwisho. Tumezoea kuwaita wauguzi hawa malaika. Nia ni njema, lakini tuangalie. Malaika hana nauli ya basi, hana mgongo unaouma, wala hana watoto wanaomngoja nyumbani. Muuguzi anavyo vyote hivyo, na juu yake huwazika wagonjwa aliowazoea, kisha siku inayofuata hubisha hodi nyumba nyingine. Tukimwita malaika na kuondoka, tumemsifu ili tumwachie mzigo peke yake.

Basi shukrani ya kweli ni kushika upande mmoja wa mzigo huo. Katika mtaa wetu, Umoja wa Mama na vijana wanaweza kupanga zamu za kukesha, ili jamaa wa mgonjwa wapate usiku mmoja wa kulala. Sabuni, mashuka makuukuu yaliyo safi, maji na kuni, vyote ni msaada. Nasi tusiokuwa na ujuzi wowote tunaweza kuingia katika kile chumba cha nyuma, tuketi, tumsalimu mgonjwa kwa jina lake, na tuzungumze naye, si juu yake. Muuguzi akija atamkuta mgonjwa wake hayuko peke yake, na naamini kwake hiyo itakuwa asante ya kutosha.