Barua Niliyokataa Kuiandika

Katika miaka yangu ya ualimu niliandika barua nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: barua za kuwatambulisha vijana kwa waajiri, za kuthibitisha mwaka wa kuzaliwa, za kuwaombea karo watoto wa maskini. Mwalimu mkuu ni shahidi wa jamii. Akiandika kwamba anamjua mtu, akagonga muhuri, milango hufunguka. Lakini ipo barua moja ambayo niliombwa na sikuiandika, nayo ndiyo inayonisumbua uzeeni.

Ilikuwa mwaka 2004, nikikaribia kustaafu. Asubuhi moja aliingia ofisini mwangu mtu aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani. Nilimtambua tangu alipokuwa akivuka uwanja, kwa mwendo wake, na alipokaribia nikaliona kovu la kidevuni alilolipata akikimbia kuwahi gwaride. Lakini mavazi, nywele na jina alilojitajia havikuwa vile nilivyovijua. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Sikio lake la kushoto lilikuwa limezibwa kwa pamba, na pamba ile imelowa usaha.

Alikuwa ametoka hospitali. Karani wa mapokezi alikitazama kitambulisho chake, akamtazama na yeye, kisha akasema kwa sauti kwamba kitambulisho kile ni cha mtu mwingine, na akawaita wenzake waje waone. Foleni nzima ikageuka. Akaambiwa arudi na barua ya mtu anayeaminika. Alikwenda kwa chifu, akafukuzwa. Ndipo akaja kwangu.

"Mwalimu, naomba uandike tu kwamba mimi ndiye yule yule uliyenifundisha."

Nikamjibu, "Kwanza nieleze wewe sasa ni nani."

Akanyamaza. Nikamwambia kwamba siwezi kuthibitisha jambo nisilolielewa. Akasema, "Haya, Mwalimu. Asante," akaondoka. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mamake sokoni. Aliniambia kwamba sikio lile halisikii tena.

Nimeyapima maneno yangu ya siku ile mara nyingi. Nilisema sielewi, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini sikuulizwa kama naelewa. Niliulizwa kama namjua, na nilikuwa namjua. Nilitumia ukweli mmoja kuuficha mwingine. Mwanafunzi angelinifanyia hivyo, ningelimwadhibu kwa kosa la uwongo.

Basi swali ninalotaka tulifikirie, ndugu msomaji, ni hili: je, ni lazima tumwelewe mtu kabla ya kumsaidia?

Watu kama mwanafunzi wangu yule siku hizi huitwa transjenda. Wengi huwachanganya na huntha. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kiume au ya kike, na wanazuoni wa fikihi wamejadili fungu lake la urithi kwa karne nyingi. Transjenda ni mwingine. Mwili wake waweza kuwa wazi kabisa, bali nafsi yake haikubaliani na jinsia aliyoandikiwa siku ya kuzaliwa. Wapo pia wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake. Zamani waganga wa hospitali waliyaandika haya katika orodha ya maradhi ya akili. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa huko katika orodha yake mpya iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, likayaweka katika sura ya afya ya kijinsia, ili watu hawa waweze kutibiwa bila kuitwa wendawazimu.

Miaka kumi baada ya kosa langu nilisoma habari iliyonigusa kama mtu wa vyeti. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda wa Kenya, alilishtaki Baraza la Mitihani kwa sababu cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na jina na alama ya jinsia ambavyo havikulingana naye tena. Mtu mwenye cheti kisichofanana naye hupata taabu kila anapokitoa. Mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru apewe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Hoja ilikuwa rahisi: mtihani hautungwi kwa kufuata jinsia, alama hazitolewi kwa kufuata jinsia, na cheti kisichoitaja bado ni cheti kamili. Nilisahihisha mitihani maisha yangu yote, na sikuwahi kuliwaza hilo. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, mahakama hiyo iliamuru liandikishwe shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Mbugua alikuwa miongoni mwa viongozi wake, baada ya bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali kukataa kuliandikisha.

Mashirika ya namna hii hufanya nini? Kazi yao kubwa, ukiitazama kwa karibu, ni ndogo ndogo. Humtafutia mtu wakili wa kumwandikia hati ya kubadili jina. Hujua ni daktari gani hatacheka. Humsindikiza mgonjwa hadi dirisha la mapokezi, wakakaa naye kwenye benchi, ili jina la kwenye kitambulisho likiitwa asisimame peke yake mbele ya macho ya watu. Kwa maneno mengine, hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mjomba, jirani, au mwalimu. Wameanzisha mashirika kwa sababu sisi tulikataa.

Rafiki yangu mmoja, mzee wa kanisa, huniambia, "Mwalimu, ukimsaidia umemuunga mkono." Sidhani. Daktari anayesafisha sikio hatoi hukumu juu ya nafsi. Wengine husema kwa upole kwamba hata mwizi aliyepigwa na umati hutibiwa. Mfano huo nao siupendi. Mwizi ameiba, huyu alikuwa ameniomba barua.

Hata hivyo sitaki kujifanya kwamba suala ni la sikio tu. Wapo wanaotaka dawa za kuubadili mwili wenyewe, na hapo wengi wetu husita, nami pia nilisita. Lakini nimejifunza kwamba mlango wa daktari ukifungwa, mtu yule harudi nyumbani akasahau. Wengine hununua homoni mitaani na kuzimeza bila kupimwa damu, na homoni zisizopimwa zaweza kugandisha damu mishipani. Kwa hiyo kinachozuiliwa mlangoni pale si dawa, ni kipimo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwahi kukilalia hiki. Kutojua kwangu kulinitaka ninyamaze na kupisha njia. Mimi nilikaa mlangoni.

Katika jambo hili lugha yetu ina adabu ambayo sisi wasemaji wake hatuna. Kiingereza nilichofundisha humtaka msemaji achague mapema kama anayemzungumzia ni mume au mke. Kiswahili husema "anaumwa", "amefika", "mpokeeni", basi. Ngeli ya A-WA huuliza kama kiumbe kina uhai, haiulizi zaidi. Msomaji akiirudia hadithi yangu ya mwaka 2004 ataona kwamba sikusema kama mwanafunzi wangu aliandikwa mvulana au msichana. Je, habari ya sikio lile ilipungukiwa na kitu?

Kuna lawama nyingine ya kweli kidogo: kwamba mashirika haya huishi kwa fedha za wageni. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki kadhaa zilizowahudumia watu hawa nchini Kenya zilifungwa au zilipunguza kazi. Wapo waliofurahi, wakasema, mnaona, jambo lenyewe lilikuwa la kigeni. Mimi niliona kinyume chake. Wagonjwa walikuwa wa kwetu, na walibaki hapa hapa wakiumwa. Kigeni kilikuwa mfuko tu. Tuliuachia mfuko wa mbali wajibu uliokuwa wetu, na ulipofungwa hatukuwa na chochote mkononi.

Barua yangu haikuhitaji fedha za mtu yeyote. Ilihitaji karatasi moja, muhuri, na mistari miwili: kwamba anayeileta barua hii namjua, nilimfundisha, naye ndiye mwenye kitambulisho hiki.

Mwaka jana niliiandika, nikampa mamake ampelekee. Sina muhuri tena, na sikio haliponi kwa barua. Niliongeza mstari wa tatu, wa kuomba radhi. Jibu bado halijaja, wala sidai. Lakini nimemwambia mama yule kwamba mwanawe akipata safari nyingine ya hospitali na akakosa mtu wa kukaa naye kwenye benchi, miguu yangu bado inaweza kupanda matatu.